Kukagua Ratiba za Zamu kwa Usalama wa Mgonjwa

Hospitali zinazidi kupanga zamu kwa programu ya kompyuta na kuthibitisha mahudhurio kwa alama za vidole. Hata hivyo, programu hutambua tu kile ilichoandikiwa. Haijui kwamba wauguzi wawili wamebadilishana zamu kwa maneno, wala kwamba mhudumu aliyehamia wodi ya wazazi bado anahesabiwa katika wodi ya watoto. Ndiyo sababu ratiba hukaguliwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurejea kazini. Mkaguzi anayejumlisha saa za wiki pekee hulipita sharti hilo la pili bila kuliona. Tuseme muuguzi anamaliza zamu ya jioni saa 3 usiku, kisha, kwa kumsaidia mwenzake, anaingia zamu ya asubuhi saa 1. Jumla yake ya wiki haijazidi, lakini amepumzika saa 10 tu, na humo mna safari, chakula na usingizi.

Uchovu huo humfikia mgonjwa. Utafiti wa hospitali ya Brigham and Women's, Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionesha kwamba madaktari walio katika mafunzo ya vitendo, wakifuata ratiba ya zamu za saa 24 au zaidi, walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipofuata ratiba iliyofupishwa.

Kwa hiyo, kila wiki mkaguzi alinganishe zamu iliyopangwa na mahudhurio halisi. Apime muda kati ya zamu na zamu. Na aunganishe zamu ya usiku, ambayo baadhi ya programu huigawa saa 6 usiku ikaonekana kama vipande viwili vifupi. Kila mabadilishano yaandikwe kabla ya zamu kuanza, na msimamizi wa wodi ayaidhinishe.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza ni nani anayemhudumia katika zamu hiyo. Jina atakalotajiwa linapaswa kuwa lilelile lililomo katika ratiba.