Kompyuta ikichelewa kuwaka, usikimbilie kuifuta

Miongoni mwa mambo yanayotuunganisha sisi tulio nje na jamaa zetu wa nyumbani, mbali na simu na fedha za kutumiana, ni kompyuta kuukuu. Hununuliwa London au Dubai, ikatumika miaka mitatu minne, kisha ikafungwa kwenye sanduku na kupelekewa mpwa anayesoma Zanzibar, Mombasa au Bujumbura. Huko nako huendelea na kazi, mpaka siku inapoanza kuchukua dakika tano, mara kumi, kabla haijawa tayari kutumika. Hapo ndipo fundi husema neno lake: "Tuipige Windows upya."

Kupiga Windows upya ni dawa, na mara nyengine ndiyo dawa yenyewe. Lakini ikifanywa kwa kufuta diski nzima, kama wanavyofanya mafundi wengi wenye foleni ya wateja, huondoka na kila kilichokuwamo. Kwa familia zilizotawanyika hasara hiyo haipimwi kwa bei ya kompyuta. Ndani mna picha za harusi ambayo wengine hawakuweza kuhudhuria, sauti ya mzee aliyekwisha fariki, nakala za vyeti na karatasi za uhamiaji. Kompyuta hununuliwa nyengine, lakini vitu hivyo haviuzwi dukani.

Kwa hiyo tunasema tangu mwanzo kwamba kuchelewa kuwaka ni dalili tu, na dalili moja yaweza kuwa ya maradhi mengi. Kabla ya dawa, tujue wakati unapotelea wapi.

Na kabla ya hilo, nakilini mafaili yenu muhimu kwenye diski ya nje au flashi. Sababu ni kwamba diski inayokaribia kufa mara nyingi hutangulia kwa kuwa nzito. Kama diski ngumu inatoa sauti ya kugonga, au mafaili mengine yanakataa kufunguka, msianze kuikagua wala kuisafisha. Ukaguzi mrefu huichosha diski mbovu, na yaweza kufa katikati ya kazi. Nakilini kwanza, matengenezo baadaye.

Baada ya hapo chukueni saa. Kuwaka kwa kompyuta kuna vipindi vitatu: tangu kubonyeza kitufe mpaka alama ya Windows itokee, tangu alama hiyo mpaka pahala pa kuandika neno la siri, na tangu neno la siri mpaka kompyuta ikubali kufungua programu bila ya kusitasita. Andikeni kila kipindi kimechukua muda gani. Karatasi hiyo ndogo itamsaidia fundi kuliko maelezo ya "iko slow".

Ikiwa muda unapotea katika kipindi cha kwanza, Windows haina kosa, kwani bado haijaanza kazi. Wakati huo kompyuta inajikagua yenyewe na kutafuta diski ya kuanzia. Chomoeni flashi, printa na diski za nje, kisha muiwashe tena. Mara nyingi mashine huwa inahangaika na kifaa kilichosahauliwa kwenye tundu lake. Angalieni pia saa na tarehe. Zikirudi nyuma kila umeme unapozimwa, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Kompyuta nyingi za mezani hutumia ile ya mviringo iitwayo CR2032, yenye umbo la sarafu, ambayo ni rahisi kupatikana. Betri hiyo ikifa, mashine husahau mipangilio yake, na kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka kwa kuwa tarehe si sahihi.

Ikiwa muda unapotea katika kipindi cha pili, shukuni diski au mfumo wenyewe. Kwetu nyumbani umeme hukatika bila ya taarifa, na kompyuta ya mezani isiyokuwa na betri ya akiba huzimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika. Ikiwashwa tena, Windows yaweza kulazimika kuikagua diski kabla ya kuendelea. Ikitokea mara moja si neno. Ikitokea kila siku, diski ichunguzwe. Pia kuna masasisho yaliyopakuliwa yakawa yanasubiri kumaliziwa. Hayo yaacheni yamalize, na msiizime mashine kwa nguvu.

Kipindi cha tatu ndicho kinachowasumbua wengi, na dawa yake haina gharama. Programu nyingi zikishaingizwa hujiandikisha ziwe zinaanza pamoja na kompyuta: za mazungumzo, za muziki, za printa, za kuhifadhi mafaili mtandaoni. Zote huamka kwa pamoja na kugombania diski moja. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha muende sehemu ya Startup. Humo mtaona majina ya programu hizo na uzito wa kila moja. Zimeni msizozihitaji kila mnapowasha. Kuzima huku hakuifuti programu, mtaweza kuifungua wenyewe mnapoitaka. Msizime programu ya kinga ya virusi, na jina msilolifahamu liulizieni kwanza. Lakini mkikuta kinga mbili za virusi zinafanya kazi pamoja, ondoeni moja, kwani kila moja hukagua yale yale yanayokaguliwa na mwenzake.

Katika sehemu hiyo hiyo, kompyuta nyingi huonesha juu idadi ya sekunde zilizotumika kabla ya Windows kuanza. Hicho ni kile kipindi chetu cha kwanza, kimeshapimwa.

Kuna jambo jengine linalowachanganya watu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa Shut down si kuzima kamili katika mashine nyingi, kwani sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili ipate kurudi upesi. Kwa hiyo tatizo la jana huweza kurudi nayo. Anayetaka mfumo uanze upya kabisa achague Restart.

Kama yote hayo yamefanyika na hali ni ile ile, tazameni umri wa diski. Diski ngumu ya zamani ina sahani inayozunguka, na katika kompyuta nyingi za mkononi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Muda huo ni mdogo, lakini kuwaka kwa Windows ni kusoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotapakaa huku na kule, na kila moja husubiri zamu yake. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na kwa hiyo haina subira hiyo. Kwa mashine ya miaka kumi iliyopita, hakuna kifaa kimoja kinacholeta tofauti kubwa kama hiki. Na fundi anaweza kuinakili diski ya zamani nzima kwenye mpya, mafaili na programu zikabaki zilivyokuwa.

Hapa tuna neno na wale wanaotuma kompyuta nyumbani. Kompyuta nyingi za sasa hufunga diski yake kwa BitLocker. Diski ikihamishwa, au mipangilio ya ndani ikibadilishwa, huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeitumia kwanza. Mpwa aliyeko Bujumbura atabaki mbele ya kioo cha buluu, na ufunguo uko kwenye akaunti ya mjomba aliyeko London. Kabla ya kutuma, hamisheni mafaili yenu, toeni akaunti zenu, na hakikisheni ufunguo umeandikwa au kufuli limefunguliwa.

Tukumbushe pia kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, na kwa hizo kupiga Windows ile ile upya hakutibu upungufu huo wa ulinzi. Baadhi yao hufanya kazi vizuri kwa Linux, ambayo hailipiwi.

Siku ya kuifuta diski yaweza kufika: virusi vimegoma kutoka, au mfumo umeharibika usirekebishike. Ikifika, ifutwe. Lakini mwenye kompyuta amuulize fundi maswali mawili kabla ya kumwachia: umepima wakati unapotelea wapi, na nakala ya mafaili yangu iko wapi? Asiyeweza kuyajibu yote mawili, asikabidhiwe mashine siku hiyo.