Jembe la Mgeni: Uwakala wa Safari katika Mtaa wa Eastleigh

Miongoni mwa mitaa ya Nairobi iliyo upande wa mawio ya jua, tangu Pumwani na Kaloleni hata Buruburu na Kayole, hakuna mtaa ambao riziki ya watu wake imefungamana na safari kama Eastleigh. Hapo ndipo zilipotua ndege za abiria kutoka ng'ambo kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958. Hapo ndipo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilipoanzia kazi zake. Na hapo ndipo aliposhuka Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, mwezi wa Februari 1952, siku chache tu kabla ya kurithi kiti cha baba yake. Uwanja ule sasa ni kambi ya jeshi la anga, wala msafiri wa kawaida hapandi ndege pale. Lakini safari hazikuuhama mtaa. Zimehamia vyumba vidogo vya ghorofani, juu ya maduka ya nguo na manukato, ambako mtu mwenye kompyuta moja, simu mbili na daftari huwapangia wenzake njia za kwenda Mogadishu, Jidda, Addis Ababa na London, ilhali yeye mwenyewe aghalabu hana karatasi ya kumvusha mpaka.

Wasomali wameishi Eastleigh tangu miaka ya 1920, wakichanganyika na Wahindi na wenyeji wengine, lakini biashara tunayoieleza ilipata mbegu yake baada ya serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanguka Januari 1991. Watu waliokimbia vita walipanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, wakauza bidhaa mchana katika vyumba vile vile walivyolala usiku, hata nyumba ikageuka soko, na soko likazaa majumba ya biashara yanayoonekana leo. Waoromo, Waeritrea na Wakongo nao wakaja kwa nyakati zao. Soko la nguo ndilo lililozaa soko la tiketi, kwa kuwa mfanyabiashara aliyetaka mali ya Dubai, na baadaye ya Guangzhou na Istanbul, alihitaji mtu wa kumkatia tiketi, kumshughulikia viza na kumjulisha kilo ngapi za mizigo ataruhusiwa kurudi nazo. Na mtu wa kumtegemea zaidi katika kazi hiyo alikuwa yule aliyejua lugha yake na ukoo wake.

Wateja wa mawakala hawa ni wa namna nyingi, na kila namna ina majira yake. Wafanyabiashara husafiri mwaka mzima. Mahujaji wana miezi yao, kwani Hija ina idadi inayowekwa na Saudia kwa kila nchi, na Umra hushamiri zaidi katika mwezi wa Ramadhani, wakati ambapo wakala hauzi nauli peke yake bali huuza viza, nyumba ya kulala karibu na Haram, yaani msikiti mtakatifu wa Makka, gari la kwenda Madina na mwongozi wa ibada, vyote katika bei moja. Wagonjwa hutafutiwa hospitali za India. Walioko Minnesota, Toronto na Uingereza hulipa masurufu ya wazazi wao wanaosafiri kuwaona, au huja wenyewe wakati wa likizo na watoto waliozaliwa ugenini. Fauka ya hao wako Wakenya wa mitaa jirani, wasio na nasaba na Somalia, wanaopanda ngazi zile zile kwa sababu wamesikia kwamba hapo bei inazungumzika na mwenye duka hafungi mapema.

Anayetazama kwa mbali hudhani kwamba mkata tiketi hupata fungu nono kutoka kwa shirika la ndege. Zamani ndivyo ilivyokuwa duniani kote. Lakini mashirika yalianza kupunguza kamisheni katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 shirika la Delta la Marekani likaifuta kabisa kwa tiketi zilizouzwa nchini humo, na mengine yakafuata. Tena, si kila wakala anayeweza kutoa tiketi kwa mkono wake. Ili kuandikishwa na IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege iliyoundwa Havana mwaka 1945, sharti mtu awe na hesabu zilizokaguliwa na dhamana ya fedha, masharti ambayo mwenye chumba kimoja hawezi kuyatimiza. Kwa hiyo wakala mdogo hununua kwa wakala mkubwa mwenye uandikishaji huo, akaongeza juu yake ujira mdogo wa kazi yake, huku akijua kwamba mteja amekwisha kuuliza bei katika ofisi nne kabla ya kumfikia yeye. Faida yake haimo katika tiketi moja bali katika wingi wa tiketi, na wingi hauji ila kwa sifa njema.

Sifa hiyo hujengwa kwa elimu ambayo haifundishwi katika chuo chochote cha utalii. Chukua mfano wa jina tu. Msomali hana jina la ukoo kwa desturi ya Ulaya. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Tangu Kisomali kilipopewa hati ya Kirumi mwaka 1972, herufi x huandikwa mahali pa ha nzito na herufi c mahali pa aini, hata mtu mmoja akawa Maxamed katika cheti kimoja na Mohamed katika kingine, Cabdi hapa na Abdi pale. Herufi moja ikihitilafiana baina ya tiketi na pasipoti, abiria anaweza kurudishwa kutoka dawatini uwanjani na nauli yake ikapotea. Wakala aliyezaliwa katika desturi hiyo huuliza mapema, hulinganisha karatasi zote, na huandika jina kama lilivyo katika pasipoti, si kama linavyotamkwa. Ugeni wake, ambao mahali pengine ungehesabiwa kuwa upungufu, hapa ndio rasilimali yake.

Rasilimali ya pili ni amana. Mwana aliyeko Minneapolis hulipa nauli ya mama yake kwa hawala, yaani kwa kampuni za kutuma fedha kwa njia ya kuaminiana, na wakala wa safari hutoa tiketi kwa ahadi tu kabla fedha hazijafika, kwa kuwa muda wa kushikiliwa nafasi katika ndege ni mfupi na bei haingoji. Muamala huu ni wa haraka, lakini kila tufani huupiga. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilisimamisha kampuni 13 za hawala, na njia ya fedha ikazibika hata mwezi wa Juni. Januari 2017 amri ya Rais wa Marekani iliwafungia mlango raia wa nchi 7, Somalia ikiwamo. Februari 2020 Saudia ilisimamisha Umra kwa ajili ya korona, na Hija ya mwaka huo ikawa ya waliokuwamo nchini humo tu. Mei 2021 Kenya ilizuia ndege za kwenda na kutoka Somalia kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Katika kila kadhia ya namna hiyo abiria hamwendei rais wala shirika la ndege. Humwendea aliyempa fedha mkononi, na wakala mwenye murua hurudisha kwa mafungu hata kama yeye hajarudishiwa.

Hapa ndipo tunapoifikia ila kubwa ya biashara hii. Mgeni atakaye kuwekeza nchini Kenya hutakiwa kibali cha daraja la G, na sharti lake ni mtaji wa dola 100,000 za Marekani, kiasi ambacho ni muhali kwa mwenye kompyuta moja. Mkimbizi ana daraja la M, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imempa nafasi ya kufanya kazi na biashara. Lakini kati ya neno la sheria na karatasi mkononi kuna masafa marefu, na wengi walikata tamaa ya kuyavuka tangu Aprili 2014, wakati wa msako uliowakusanya watu wa Eastleigh katika uwanja wa Kasarani. Somalia iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Machi 2024. Hata hivyo, Januari 2025, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipowaondolea Waafrika sharti la idhini ya kuingia nchini, Somalia na Libya zikaachwa nje. Basi leseni ya uwakala, ambayo kwa kawaida hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, mara nyingi huandikwa kwa jina la mwenyeji, naye mgeni akafanya kazi chini ya jina la kuazima.

Jina la kuazima humdhuru kila mtu. Mwenye kazi hawezi kukopa benki kwa jina lisilo lake. Mwenyeji aliyeliazimisha hubeba dhima ya makosa asiyoyajua. Hazina ya serikali hupata kodi pungufu. Na hujaji aliyedhulumiwa hana wa kumshtaki, kwa kuwa mtu aliyeandikwa katika leseni siye aliyepokea fedha zake. Lau serikali ingetoa vibali vya daraja la M kwa wakati, na kuweka daraja la leseni na dhamana linalolingana na wakala mdogo, ingepata daftari lililo wazi, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema aazimwe, wala hawakusema alime kwa kujificha. Muhajiri wa Eastleigh amekwisha kulima zaidi ya miaka thelathini, na mavuno yake yamewafikisha watu Makka, hospitalini na kwa watoto wao. Kilichosalia ni kumwandikia jembe lake kwa jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, kama anavyowaandikia abiria wake.