Upenyo wa Kazi: Istilahi ya Nafasi Iliyo Chini ya Hadubini ya Mtia Nakshi

1.0 Utangulizi

Neno darubini lina asili ya Kiajemi: dur ni mbali na bin ni kuona. Hadubini nayo huelezwa kama chombo cha jicho. Hata hivyo, kwa fundi atiaye nakshi katika madini kwa mkono, jicho ni nusu tu ya kazi. Makala haya yanakusudia kueleza nusu ya pili, yaani nafasi ya mkono, na kuipendekezea istilahi. Tunazingatia wilaya ya Kilosa, ambako Mikumi pana chuo cha ufundi cha VETA, na Ilonga pana kituo cha utafiti wa kilimo. Fundi mwenye tindo na mtafiti apasuaye mdudu kwa sindano wana haja moja: mkono upite chini ya lenzi bila kuigusa.

2.0 Dhana

Nafasi hiyo hupimwa kutoka ukingo wa chini wa lenzi hadi uso wa kitu, taswira ikiwa dhahiri. Kuiinua hadubini peke yake hakuiongezi, kwani taswira hufifia. Kinachoiongeza ni lenzi ya ziada ifungwayo chini, yenye ukuzaji pungufu ya 1. Hadubini yenye nafasi ya milimita 100, ikifungwa lenzi ya 0.5, hupata takriban milimita 200. Eneo lionekanalo huongezeka maradufu kwa upana, lakini ukuzaji wa mara 7 hadi 45 hushuka kuwa mara 3.5 hadi 22.5. Lenzi za machoni za 20 badala ya 10 hurudisha ukuzaji, ila hazirudishi uchambuzi wote wa vipengele vidogo. Aidha, nguzo ya hadubini haina budi iwe ndefu ya kutosha, na kiti cha fundi kiinuliwe au jiliwa lishushwe.

3.0 Istilahi

“Masafa ya kazi” ina utata, kwa kuwa masafa hutumika pia kwa mawimbi ya redio. “Urefu wa fokasi” ni dhana nyingine kabisa. Aichanganyaye na hii huweza kununua lenzi isiyomfaa. “Nafasi ya kazi” huweza kufahamika kuwa ni ajira. Tunapendekeza upenyo wa kazi: upenyo ni uwazi kati ya vitu viwili, na kitenzi kupenya kinautaja mkono wenyewe.

4.0 Hitimisho

Kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka mwaka 1990, nayo ilihudumia zaidi darasa. Karakana bado inadai haki yake. Kijana aliyeishia elimu ya msingi, aliyosomeshwa kwa Kiswahili, hukutana na maelezo ya chombo yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Akikosa istilahi, hukisia. Na kukisia kwa lenzi ni gharama. Istilahi bora, basi, haina budi ianzie mahali mkono unapofanyia kazi.