Panya na Uvimbe wa Taya
Wazazi wapendwa wa Kalemie, uvimbe katika taya la mtoto usidharauliwe. Yawezekana ni saratani ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958. Nayo huwashika watoto wa nchi za joto na malaria, kama kandokando ya ziwa letu. Lakini dawa zipo. Mojawapo, vinkristini, hutoka katika mmea wa maua wa Madagaska. Dawa iuayo saratani yaweza kumdhuru mgonjwa pia. Kwa hiyo wataalamu wa Marekani waliujaribu mmea huo kwanza kwa panya wenye saratani ya damu, nao wakaishi kupita wenzao. Baadaye watu wakajaribiwa, na mwaka 1963 dawa ikaruhusiwa huko. Basi panya, mwizi wa ghala zetu, ametulipa deni. Mpelekeni mtoto hospitali mapema.