Ratiba Kabla ya Mafuta: Kinga ya Saratani ya Ngozi kwa Vijana Wenye Ualbino Kibaha na Kisarawe

Saratani ya ngozi inayosababishwa na jua ni nadra kwa Waafrika walio wengi, lakini kwa watu wenye ualbino ni ugonjwa unaokatisha maisha yao wangali vijana, ingawa chanzo chake kinajulikana na sehemu kubwa yake inazuilika. Nchini Tanzania, ambako hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 huzaliwa na hali hiyo, Jeff Luande na wenzake waliwachunguza watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1985 walionyesha kwamba ngozi huanza kuharibika tangu utotoni, na kwamba saratani zilizokwisha kukomaa huwapata wengi kati ya umri wa miaka 20 na 30.

Ualbino hurithiwa kwa baba na mama. Kila mzazi huwa na nakala moja ya jeni yenye hitilafu, ambayo Afrika Mashariki mara nyingi ni ile iitwayo OCA2, na kwa kuwa nakala yake ya pili ni nzima, mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Mtoto akipokea nakala zenye hitilafu kutoka pande zote mbili, mwili wake hushindwa kutengeneza melanini ya kutosha. Melanini ni rangi ya ngozi inayojipanga juu ya kiini cha seli kama kofia, na hivyo kuzuia mionzi ya urujuanimno, yaani sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, isifikie vinasaba vilivyomo ndani. Pasipo kinga hiyo vinasaba hujeruhiwa kila siku, na ingawa mwili huyarekebisha majeraha mengi, yale yanayobaki hurundikana mwaka hadi mwaka, mpaka seli fulani ipoteze uwezo wa kudhibiti kugawanyika kwake, na hapo ndipo saratani huanza.

Wilaya za Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba, wakati ambapo mtu aliyesimama wima hukaribia kukosa kivuli. Katika kipimo cha kimataifa cha mionzi ya urujuanimno, kinga huhitajika kuanzia kiwango cha 3, na kuanzia 11 hatari huhesabiwa kuwa ya kupindukia. Katika ukanda huu kiwango hicho cha juu ni cha kawaida adhuhuri. Joto haliwezi kutumiwa kupima hatari hiyo, kwa sababu hata siku ya upepo mwanana au mawingu mepesi mionzi mingi hufika ardhini.

Kutokana na hali hiyo, kinga ya kwanza ni ratiba. Kijana anayevuna korosho au kupalilia mihogo Kisarawe, na mwenzake anayepanga bidhaa kando ya Barabara ya Morogoro pale Maili Moja, hupunguza madhara kwa kiasi kikubwa iwapo kazi ya juani itafanywa kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, na saa za katikati zikatumika kwa kazi za kivulini. Kinga ya pili ni mavazi: shati la mikono mirefu lenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, kwa maana kapelo hukinga paji la uso na kuacha masikio na shingo wazi, sehemu ambazo ni miongoni mwa zile zinazoshambuliwa zaidi na saratani hii.

Mafuta ya kukinga jua huja baada ya hayo, kwa ajili ya sehemu ambazo nguo haizifikii. Mafuta yenye kiwango cha kinga cha 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi, lakini kwa sharti kwamba yapakwe ya kutosha, kiasi cha kijiko cha chai kwa uso na shingo, kabla ya kutoka nje, na kurudiwa kila baada ya saa mbili au mara mtu anapotoka jasho jingi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta ya KiliSun mahususi kwa watu wenye ualbino. Hata hivyo, anayepaka asubuhi tu na kushinda juani hukaa bila kinga saa ambazo jua ni kali kupita zote.

Ngozi inapaswa kuchunguzwa na mtaalamu walau kila miezi 6. Mabaka makavu yenye magamba yanayokwaruza yakiguswa ni dalili ya awali, na aghalabu huondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni ya kimiminika. Kidonda kisichopona kwa wiki 4, au uvimbe unaotoa damu, huhitaji kuonwa na daktari bila kuchelewa. Wakazi wa Kibaha wana Hospitali ya Tumbi, na kutoka wilaya zote mbili si mbali kufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, lakini ukaribu huo huwa na faida ndogo kwa mgonjwa anayefika wakati uvimbe umekwisha kuenea.

Kwa kuwa madhara huanza kurundikana utotoni, jukumu hili haliwezi kuachiwa kijana peke yake. Mwalimu anayepanga paredi na kazi za shamba la shule, mwajiri anayepanga zamu, na mzazi anayegawa kazi za nyumbani ndio wenye uwezo wa kumwondoa kijana huyo juani adhuhuri, nao wanaombwa waanze kufanya hivyo sasa, kabla hajafikisha umri ambao saratani hii huua.