Kuku wa Chenga na Viazi vya Oveni kwa Wageni wa Jumamosi

Kuku aliyegaragazwa kwenye chenga za mkate na kuokwa ndani ya oveni ni chakula cha mtu mwenye wageni. Kuku wa kukaanga humfunga mpishi jikoni: vipande huingia karaini vinne vinne, mafuta yanaruka, na cha mwisho kikiiva cha kwanza kimeshapoa. Oveni huivisha vipande kumi na viwili kwa mkupuo mmoja, viazi vikiwa kwenye trei ya pili, mpishi naye akapata nafasi ya kukaa na marafiki aliowaita. Ugumu wa pishi hili ni unyevu. Mafuta ya moto huyafukuza maji juu ya chakula kwa dakika chache, lakini hewa ya oveni hufanya kazi hiyo polepole. Maji yasipopunguzwa mapema, chenga hulowa na kubanduka, na viazi hutoka laini kana kwamba vimechemshwa tu. Karibu kila hatua inayofuata ina lengo hilo moja.

Kuku anayefaa ni wa kisasa. Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu inayotaka moto mdogo, mchuzi na muda mrefu. Akiokwa mpaka alainike, chenga zinakuwa zimeungua zamani. Huyo aachiwe mchuzi wa nazi. Kwa wageni sita, mapaja sita na miguu sita hutosha. Sehemu hizo zina mafuta na mishipa laini inayoyeyuka taratibu, hivyo hubaki na majimaji hata zikipitiliza dakika tano. Kidari hakina uvumilivu huo: kikitumika, kikatwe vipande vya ukubwa mmoja na kitolewe mapema. Ngozi ni bora iondolewe, kwa kuwa ikifunikwa na chenga haipati moto wa kuikausha, na mlaji hukutana na utando wa kuteleza chini ya gamba zuri.

Wengi huosha kuku kwa ndimu chini ya bomba. Wataalamu wa usalama wa chakula hushauri kuiacha desturi hii, kwani matone yanayoruka husambaza bakteria kama Salmonella na Campylobacter hadi kwenye vyombo na kachumbari iliyo karibu. Bakteria hao hufa kwa moto wa oveni, hawaondoki kwa maji. Badala ya kuosha, vipande vifutwe kwa karatasi ya jikoni, kisha vilazwe kwenye nusu lita ya mtindi, au maziwa lala kama yanavyoitwa Kenya, pamoja na kijiko cha chakula cha chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Asidi ya maziwa hulainisha nyama kwa upole, na chumvi hupenya ndani. Saa nne kwenye friji zinatosha, ingawa usiku mzima ni bora zaidi. Ndimu nyingi kwa muda huo huo huifanya nyama kuwa ya ungaunga kwa nje, kwa hiyo isubiri mezani.

Chenga ndizo roho ya pishi hili, na ndizo zinazopuuzwa zaidi. Za dukani mara nyingi ni laini mno, zikiokwa hugeuka gamba jembamba lisilo na ladha. Boflo la jana hutoa chenga nzuri kuliko hizo. Slesi hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa muda wa dakika ishirini, halafu huvunjwavunjwa kwa mkono au kusagwa kidogo kwa blenda, zibaki na ukubwa wa punje za mchele. Wajapani walilielewa jambo hili vizuri: chenga zao za panko hutengenezwa kwa mkate usio na ganda, nazo ni kubwa na nyepesi.

Kabla ya kumgusa kuku, chenga hizo zikaangwe. Gramu 250 huwekwa kwenye kikaango pamoja na vijiko vinne vya mafuta na chumvi kidogo, zikikorogwa bila kuachwa mpaka zipate rangi ya asali. Hatua hii ina sababu yake. Rangi ya kahawia na harufu ya chakula kilichookwa hutokana na sukari na protini kuungana kwenye joto kali, jambo lililoelezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Muungano huo hauendi vizuri mahali palipolowa, na chenga zilizobanwa juu ya nyama mbichi hupata mvuke kutoka chini kwa muda mrefu. Zikiingia oveni zikiwa nyeupe, kuku huiva nazo zingali nyeupe. Zikiingia na rangi yake, oveni hubakiwa na kazi ya kuivisha nyama na kumalizia ukavu.

Vipande vikitoka kwenye mtindi vining'inizwe vichuruzike, kisha vifutwe. Huanza kwenye unga wa ngano ulionyunyizwa chumvi, vikang'utwa, vikachovywa kwenye mayai matatu yaliyopigwa, halafu vikagaragazwa kwenye chenga. Mkono mmoja ubaki wa vikavu, mwingine wa yai. Vinginevyo vidole huvaa chenga nyingi kuliko kuku. Unga hunywa unyevu uliobaki, yai hushika unga, na likipata moto huganda na kuzifunga chenga. Anayeruka unga huona gamba likibanduka zima zima kisu kinapogusa. Kila kipande kibanwe kwa kiganja, kisha vyote vipumzike robo saa juu ya waya.

Viazi hutakiwa kuwa vya ungaunga, kilo mbili kwa watu sita. Nyanda za juu za Njombe na Mbeya hulisha masoko mengi ya Tanzania; Kenya, aina ya Shangi ndiyo iliyoenea, nayo huiva haraka, hivyo ichungwe isipondeke. Kiazi chenye kijani hakifai, kwani rangi hiyo huashiria sumu ya solanini. Viazi vibichi pia visikae kwenye friji: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, vikiokwa huwa vyeusi, na huongezeka akrilamidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden waliigundua kwenye vyakula vya wanga vya kukaangwa na kuokwa mwaka 2002.

Kiazi hukatwa nusu kwa urefu pamoja na ganda lake, kila nusu ikatoa vipande vitatu. Huchemshwa kwenye maji ya chumvi dakika sita hivi, mpaka kingo zianze kulegea, kisha humwagwa maji na kurudishwa sufuriani. Sufuria ikitikiswa, nyuso za vipande huchubuka na kufanya utando mweupe wa wanga. Utando huo ndio utakaokuwa gamba. Viachwe wazi dakika tano mvuke utoke, vichanganywe na mafuta, binzari nyembamba na pilipili ya unga, halafu vipangwe safu moja kwenye trei iliyokwisha kupata moto.

Oveni iwashwe mapema, nyuzi 220. Viazi hutangulia dakika kumi na tano. Kisha moto hushushwa hadi 200 na kuku huingia akiwa juu ya waya, hewa imzunguke. Dakika arobaini humtosha, viazi vikigeuzwa mara moja. Oveni nyingi za gesi huwa na moto mkali chini, kwa hiyo trei zibadilishane nafasi katikati ya safari. Kipimajoto kikisoma nyuzi 74 karibu na mfupa, kuku ameiva. Wekundu kidogo kwenye mfupa wenyewe si kigezo, kwa kuwa mifupa ya kuku wachanga hutoa rangi hiyo hata nyama ikiiva barabara.

Pasipo oveni, kupalia kwa mtindo wa pwani huwezekana kwa vipande vichache: sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Kifuniko kiinuliwe mara mbili tatu mvuke utoke.

Chakula kikishaiva kisiwekwe kwenye hotpoti, maana humo mvuke hulainisha kwa dakika kumi kile kilichokaushwa kwa saa nzima. Kipakuliwe kwenye sinia pana, bila kurundikwa. Kachumbari na chachandu ya ukwaju vikae kwenye bakuli zake, kila mtu ajichotee, na vipande vya ndimu viwe karibu. Kilichobaki kiingie friji ndani ya saa mbili. Kesho yake kipashwe kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa robo saa, na chenga hukauka tena.