Ngoma Iliyoandikwa Kuku

Mama mwenyekiti aliliweka faili lake mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto. Ndani mlikuwa na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, barua ya mwenyekiti wa mtaa na nambari ya akaunti ya benki. Hapakukosekana kitu. Kikundi chao ni cha ngoma, wanapiga mdundiko, na Jumamosi jioni wanawafundisha watoto wa mtaa. Walitaka fedha za kuwamba upya ngoma nne na kushona sare.

Afisa maendeleo ya jamii, kijana mpole, alisoma karatasi zote bila haraka. Kisha akauliza swali ambalo kazi yake inamlazimu kuliuliza.

“Sasa mama, marejesho mtayatoa wapi?”

“Tunaitwa kwenye shughuli, mwanangu. Arusi, unyago, Mwenge ukipita.”

“Kila mwezi?”

“Kila mwezi hapana.”

Kijana akanyamaza kidogo, akalirudisha faili taratibu. “Basi andikeni kuku, mama. Kuku wa mayai wanapita.”

Mimi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ile ya kata, katika mji mmoja wa Pwani, nikisubiri zamu yangu kwa shida nyingine kabisa. Niliondoka na muhuri wangu, lakini neno lile halijanitoka mpaka leo. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anamsaidia mama wa watu kupita kwenye mlango pekee uliopo.

Mlango wenyewe unafahamika. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na nitaitetea popote. Imewatoa akina mama wengi mikononi mwa wakopeshaji wa mtaani. Kweli, iliingiwa na panya. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilionyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, na Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba utoaji unasimama. Mikopo ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu uliokazwa, huku halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Mjadala wote wa miaka hiyo ulikuwa juu ya marejesho: nani karejesha, nani kakimbia. Ulistahili, maana fedha ni za wananchi. Ninachosema mimi ni kwamba zipo kazi za jamii ambazo tangu siku ya kwanza hazina marejesho ya shilingi, na kuzipeleka kwenye dirisha la mkopo ni kuzifundisha kusema uongo.

Chukua mikoko. Vijana wanashuka maji yakiwa yamekupwa, tope linafika magotini, wanachomeka zile mbegu ndefu moja moja kwa mstari. Inapofika bamvua, maji yanang'oa sehemu ya kazi yao, nao wanarudi kuchomeka upya. Wanachohitaji ni viatu vya mpira, mafuta ya mashua na chakula cha mchana. Faida yake ni ufuo usioliwa na mawimbi, na kamba na samaki wachanga waliopata pa kukulia. Anayefaidi ni mvuvi wa mtaa wa tatu ambaye hata hawajui. Utamwambia nani kati yao alete marejesho tarehe 30?

Wapo watakaonitajia Gazi, kule Kwale nchini Kenya, ambako mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ukaa tangu mwaka 2013, na fedha zinaleta maji na kusaidia shule. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia pwani nzima. Lakini pale Gazi majaribio ya kurudisha mikoko yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilipita takriban miaka 20 kabla tope halijaanza kulipa. Hakuna kikundi cha kata kitakachobeba mkopo muda wote huo.

Na kutoa bila kudai, halmashauri zetu zinakujua vizuri sana. Wananchi wanachanga tofali, mchanga na nguvu zao, wanainua boma la darasa au zahanati mpaka kwenye lenta, halmashauri inaleta mabati na kupaua. Hajawahi kuja mtu kuwauliza wanakijiji darasa lile litarejesha kiasi gani kwa mwezi. Kila mmoja anaelewa kwamba nguvu za wananchi ndiyo dhamana. Sasa miche 5,000 iliyochomekwa kwa mkono haina nguvu za wananchi ndani yake? Jioni mia za kufundisha watoto ngoma hazina?

Majirani zetu wa Makueni walipoamua kupambana na ukame, kaunti yao ilijiwekea kanuni mwaka 2015 ya kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wa mabadiliko ya tabianchi. Kamati za wadi, zenye watu waliochaguliwa na wenzao, ndizo zinazosema nini kifanyike. Huko utakuta mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa kukata mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji yanajificha humo ndani, jua lisiyafikie. Kiangazi mama anafukua mchanga na kuchota. Hata kwetu, Monduli, Longido na Ngorongoro zilijaribu utaratibu wa namna hii kwa fedha za wafadhili. Kwa hiyo si jambo geni.

Najua hofu iliyopo, na ni hofu ya haki. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ukiweka ruzuku mikononi mwa kamati, wa kwanza kufikiriwa ni shemeji wa mjumbe. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuzifanya fedha hizo ziwe kidogo na zionekane. Kiasi na jina la kikundi vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa. Hesabu isomwe kwenye mkutano mkuu, mbele ya watu wanaomjua kila mwanakikundi kwa jina la nyumbani. Mikoko ihesabiwe baada ya bamvua, ngoma ipigwe uwanjani watu wasikie. Kikundi hewa kinaweza kutengeneza stakabadhi. Kupiga mdundiko hakiwezi. Na asilimia 10 ya mikopo isiguswe. Ruzuku ipate kasma yake kwenye bajeti, hata iwe nusu ya asilimia moja. Madiwani wana uwezo wa kuipigania Baraza linapopitisha makadirio ya mwaka unaoanza Julai. Waulizeni.

Miezi kadhaa baadaye nilipita kwa yule mama. Nilimpa shikamoo, akanikaribisha uani. Kuku walikuwepo, banda limejengwa vizuri kwa mabanzi na wavu, na alinionyesha daftari la marejesho, hakuna mwezi uliorukwa. Ngoma tatu zilikuwa zimegeuzwa kifudifudi chini ya mwembe, ngozi zimepasuka. Ilikuwa Jumamosi. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakipiga madumu ya mafuta ya kula, na yeye, mkono mmoja ameshika bakuli la pumba, alikuwa anawarekebisha mapigo kwa mdomo.